Mwenzake wa Deka ya Juu

Shule niliachia darasa la tano, na leo viazi vyangu vinaliwa Nairobi mpaka Mombasa. Nina lori tatu na hakuna hata moja niliyosaidiwa kununua. Msichana wangu alipoitwa shule ya bweni hapa Nakuru, nilihakikisha mtaa wetu mzima wa Lanet umejua.

Siku ya wazazi kutembelea nilikuwa wa kwanza getini, na kuku wawili na chapati za kulisha darasa. Nikatandika leso kwenye nyasi. Msichana akaja amemshika mwenzake mkono.

"Baba, huyu ndiye tunalala kitanda kimoja cha deka. Mimi chini, yeye juu. Mama yake anakuja tule pamoja."

Yule mtoto akanisalimia, na kwa lafudhi tu nikajua kwao. Nilipokuwa kijana, watu wao walichoma boma letu Kuresoi, na watu wetu wakachoma maboma yao. Sijawahi kurudi. Hata viazi vya huko natuma mtu, mimi nangoja Molo. Na sasa mtoto wangu amelala chini ya mtoto wao muhula mzima! Nikamvuta msichana kando, nikamwambia siondoki kabla matroni wa bweni hajamhamisha deka.

Mama yake yule mtoto akafika na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akaketi, akamimina.

"Nyinyi ni wa wapi, mzee?"

"Lanet."

"Lanet watu wamejenga juzi," akacheka. "Kwenu, kwenu kabisa?"

Nikajifanya natafuta chumvi.

"Si Kuresoi, Baba?" msichana akadakia. "Si kila siku unatuambia ulilima huko bila viatu?"

Kikombe cha mama kikasimama hewani. "Upande gani?"

"Karibu na kinu."

Mama akatazama nyasi. "Sisi tulikuwa ng'ambo ya mto. Na boma letu pia liliteketea." Akaninyooshea kikombe. "Kunywa, mzee. Ama unaogopa vumbi la makaa?"

Maziwa yalikuwa ya kijivu, kwa makaa wanayosugulia kibuyu ndani. Tangu utotoni nilikuwa nimemwonya msichana asiguse chakula cha watu hao.

"Kunywa tu, Baba. Mimi nilizoea kitambo."

Nikanywa. Maziwa yakanichafua tai.

"Likizo nataka kwenda kwao Kuresoi," msichana akasema. "Wanihamishe nyumba, si deka!" Wakacheka wawili hao. Mimi sikucheka.

"Utaenda," nikasema mwishowe. "Lakini nitakupeleka mimi mwenyewe."

Mama akauliza kama bado naijua njia. Nikasema naijua. Koti lilikuwa limelowa jasho mgongoni.