Sura ya Padiri Kwenye Fotei

Leo Padiri karibu aikalie sura yake mwenyewe, kwetu hapa Majengo.

Musicheke kwanza. Someni, kisha muniambie mungefanya nini.

Munajua ninajifunza kushona. Kazi rahisi ya kuanzia ni foronya ya muto: unanyoosha mushono, unageuza, basi. Nikachukua kitenge kilichobakia cha jubile ya Padiri, kile chenye sura yake kubwa. Nikakata vizuri ili sura ikae katikati kabisa. Nikashona mito mbili, moja kwa kila fotei, vile viti vyetu viwili vikubwa vya kukaribishia wageni salo. Nilijivuna!

Hakuna mutu nyumbani aliyewaza muto wa fotei unafanyiwa nini.

Mara hodi. Padiri mwenyewe, anatembelea familia.

Mama mukwe akanitupia jicho, lile jicho lake. Kisha akaruka, akaikalia fotei ya kwanza, juu ya muto, puu! Ikabakia ya pili.

Padiri akainama kukaa. Akasimama tena. Akainua ule muto, akajiangalia. Akajiangalia tena. Mimi jasho tu.

"Umenishona muzuri," akasema. Akakaa, akaupakata kama mutoto.

Tukapumua.

Halafu akasema: "Tusimame tuombe."

Wote tukasimama. Mama mukwe, hapana.

"Magoti, Padiri. Inaniuma sana."

Mama huyu anapiga magoti kwenye simenti kila misa!

Padiri akaunganisha mikono, akafunga macho.

"Simama tu, mama. Najua niko hata hapo chini."