Atavipitia

Majirani humwita Kimya, fundi viatu huyu, ingawa ukimgusia vile viatu vyekundu vya rafuni atakueleza mpaka ujute. Viliachwa na mwanamke mmoja, kisigino kimelegea. Alikaa kibandani akisubiri mvua ikatike, akamuuliza fundi kama amekula, akacheka, akasema, "Nitavipitia." Basi! Ndiyo mapenzi yote aliyowahi kuyapata, masikini ya Mungu.

Kisigino alikitengeneza siku ileile. Tangu hapo, kila Jumamosi huvishusha, akavipaka rangi, akavisugua mpaka vikang'aa, akavirudisha. Kichwa chote kimeingia mvi, viatu bado vipya. Chumbani kwake ana kiti kimoja. Cha pili, husema, watakwenda kukichagua pamoja.

Dada yake, anayemletea chakula cha mchana, midomo ilishamchoka.

"Mdogo wangu, amka! Huyo ana mume wake huko aliko, wala jina lako halijui. Mshonaji wa hapo jirani anakutaka, mtu mzima na akili zake, wewe umekalia viatu!"

"Dada, alisema atavipitia."

"Watu husema!"

Basi juzi, amini usiamini, mwanamke akatokea. Amenenepa, kavaa miwani, miguu imevimba ndani ya kandambili. Alikuja mtaani kuhani msiba, akapitisha macho kibandani, akashtuka.

"Ala! Si viatu vyangu vile?"

Fundi akainua macho rafuni. Kuvishusha ni kunyoosha mkono tu. Lakini akishavichukua ataondoka navyo, na Jumamosi yeye fundi atabaki na nini? Upweke ulimjia pale pale, mchana kweupe, mwanamke mwenyewe kasimama mbele yake.

"Bado havijaisha," akasema. "Njoo kesho."

Mwanamke alicheka mpaka akashika mlango.

"Miaka yote hii, kesho! Nyie mafundi, jamani! Mimi naondoka leo hii, kaka yangu. Mpe yeyote ambaye vitamtosha, mimi tena vya nini?"

Akaaga. Akapishana mlangoni na dada mtu, aliyesimama na bakuli la chakula, kasikia kila neno.

"Umemwona, dada?" fundi akaropoka, hata pumzi hazijamtulia. "Amekuja! Kesho anarudi kuvichukua."

Dada akaweka bakuli mezani. Maneno ya kumpasulia alikuwa nayo, tena makali, alishayaandaa siku nyingi akingoja siku kama hii. Akamtazama mdogo wake anavyofuta rafu ambayo haina hata vumbi.

"Basi kesho vaa shati safi," akasema. "Hilo lina madoa ya rangi."