Kura Tusizokuwa Nazo

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila uchaguzi wa jiji unapokaribia inanirudia pamoja na harufu yake: bizari, vitunguu vya kukaanga, na makoti ya watu yaliyolowa mvua, vyote ndani ya ukumbi wetu wa mtaa huu wa Rexdale, huku ughaibuni. Wewe ulikuwa na miaka sita, unakimbia chini ya meza na wenzako, mkiimba nyimbo za Kiswahili mlizofundishwa pale kila Jumamosi. Nami nilikuwa kijana bado. Kiuno kilizunguka, na kigelegele changu kilisikika mpaka kituo cha basi cha Kipling. Usinicheke. Kila mzee unayemwona alikuwa na kiuno chake.

Jana uliniambia, kwa Kiingereza chako kile cha haraka, kwamba huendi kupiga kura, kwamba diwani ni diwani tu na mtu mmoja habadilishi kitu. Nilikuwa nakaanga vitumbua, na hasira na mafuta ya moto havikai jiko moja. Leo nimetulia, basi kaa usikilize.

Nilipofika hapa kata yetu ilikuwa na diwani wake wa siku nyingi. Uchaguzi wa kwanza nilioushuhudia, alishinda bila jasho, nami sikujali. Kwetu Kibaigwa uchaguzi ulikuwa uchaguzi: gari la matangazo tangu alfajiri, kofia, kanga, ngoma, watu wanabishana sokoni mpaka magunia ya mahindi yanasahaulika. Hapa mgombea anakuja mlangoni peke yake, amevaa koti, anakupa karatasi na kukuomba radhi kwa usumbufu. Wa kwanza kunigongea nilidhani anauza sabuni.

Kisha ikaja habari ya ukumbi. Jiji lilisema paa limechoka na jengo litafungwa, na diwani akasema hana la kufanya. Mwanangu, pale Wakristo tulifanyia sherehe za kipaimara na Waislamu maulidi. Mtu akifiwa, matanga yalikaa pale, maana huku ghorofani ukilia kwa sauti jirani anagonga ukuta. Mama yangu alipofariki nami sina namna ya kwenda kumzika, nililia pale chini, nimeshikwa mabega na wanawake ambao wengine sikuwajua hata majina. Ukumbi ukifungwa, tungelilia wapi?

Ndipo Tusekile akasimama kugombea udiwani. Alikuwa dada wa Tukuyu, mpole, mtunzaji wa wazee kwenye nyumba ya wazee, na uraia wa hapa alikuwa ameshauchukua zamani. Jioni akitoka kazini alipanda ghorofa moja baada ya nyingine na viatu vyake vyeupe vya kazi, akigonga milango. Nikamwambia, "Da Tuse, kampeni gani hii ya kunong'ona? Tuachie sisi wenye shughuli zetu."

Tukaifanya. Sufuria za pilau zilitoka jikoni kwa kila mama, ngoma ikatoka Malvern, kwaya nzima ikaja kutoka Parkdale. Tulimfunga Tuse kanga mpya mabegani, tukamzungusha ukumbini kama bibi harusi. Watu walijaa mpaka mlangoni. Nilitazama ule umati nikasema moyoni, tumeshinda.

Bi Mwanaidi akaomba kipaza sauti. Huyu alikuwa bibi wa Tanga, akiishi na bintiye ghorofa ya chini yetu, nasi tulidhani anataka kuomba dua.

"Wanangu, mmependeza, na chakula ni kitamu," alisema. "Sasa nataka kuona mikono. Nani humu ana kura ya kumpa Tusekile?"

Wa Malvern wakatazamana, kwani wao kata yao nyingine. Wa Parkdale vilevile. Na sisi wa Rexdale wenyewe, karibu wote tulikuwa na vibali vya kuishi tu, na asiye raia hapa hapigi kura. Mikono iliyoinuka, wenyewe wangetosha meza moja na nafasi ingebaki. Tuse alikuwa amesimama mbele na kanga yake, anatabasamu vile mtu anavyotabasamu akizuia machozi.

"Na wewe mwenye vigelegele?" Bi Mwanaidi akanigeukia.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, bibi," nikamjibu, na watu wakacheka. Walinielewa. Sheria ya kwetu haikubali uraia wa nchi mbili. Nikichukua wa hapa, wa nyumbani unakwenda. Nilikuwa na kiwanja Kibaigwa. Nilikuwa narudi, kama si mwakani basi mwaka unaofuata.

Yeye hakucheka. "Mbachao ni ule unaoulalia, binti. Jana umelala wapi?"

Nikajifanya nakaza kanga kiunoni, naye akaendelea.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe miaka yote hii unakula shamba hili, jembe hulitaki. Kwenu hupigi kura kwa kuwa mwili uko mbali. Hapa hupigi kwa kuwa moyo uko mbali. Sasa wewe hasa unakaa wapi?"

Swali hilo, mwanangu, nimelibeba mpaka leo.

Siku ya uchaguzi nilimshika mkono Bi Mwanaidi, maana yeye alikuwa raia, hadi pale shuleni panapopigiwa kura. Kulikuwa na baridi ya Novemba ile inayopenya masikioni. Mlangoni nikasimama, sikuwa na langu ndani. Nilimshikia mkoba, nikamtazama kupitia kioo ameinamia karatasi yake. Alipotoka akasema, "Nimempa." Halafu, taratibu: "Na ya kwako ningempa, kama wangeniruhusu."

Tuse alishindwa. Kura zilizopungua hazikufika hata idadi ya sahani tulizoosha siku ile ya pilau. Hakutulaumu hata mara moja, na laiti angetulaumu, labda ningepona mapema. Ukumbi ulifungwa, siku hizi ni maegesho ya magari, na nikipita kwa basi nageuza uso. Tuse mwenyewe alihamia mji wa mbali, Edmonton, kwa kazi. Mwanzoni tulipigiana simu kila Jumapili, baadaye sikukuu tu, baadaye basi. Nimemkumbuka yule dada kuliko ninavyoweza kusema.

Uchaguzi uliofuata ulinikuta bado nasema mwakani narudi. Kipupwe kile Bi Mwanaidi akafariki, akazikwa hapa hapa, mbali na Tanga yake. Niliporudi kutoka makaburini nilijaza maombi ya uraia. Kiwanja nikamwachia mdogo wangu. Nilipokuja kwenda nyumbani kuona kaburi la mama, nilipanga mstari wa wageni pale uwanja wa ndege, nikaomba viza ya kuingia nchi niliyozaliwa. Kijana wa uhamiaji aliniambia, "Karibu Tanzania, mama." Nililia mbele yake, naye akadhani ni furaha.

Uchaguzi wa baada ya hapo nikapiga kura, shule ile ile. Nilijua jina la Tusekile halimo, lakini nililitafuta kwenye karatasi toka juu hadi chini, mara mbili. Na mwaka huu, kampeni zikiwa katikati, wamepunguza kata, yetu ikaunganishwa na jirani. Hata kata yenyewe niliyochelewa kuwa mwenyeji wake haipo tena. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu ameshakua.

Sikukatazi kuipenda Kibaigwa. Ipende, mimi naiota. Ila hapa unapolala pana watu wako, na watu hao siku moja watapatwa na jambo. Usiwapelekee ngoma tu. Penda kwa vigelegele, lakini uwe na cha kutoa. Na usingoje moyo utulie ndipo uanze kuishi, maana mwenzio hagombei mara mbili.

Kadi yako ya kura iko juu ya friji. Jumatatu nitavaa ile kanga ya Tuse, kwani aliniachia alipohama, twende wote shuleni. Safari hii sibaki mlangoni.

Mungu akupe pa kulala na jembe la papo hapo. Akupe watu wa kukushika mabega utakapolia. Na siku mzee yeyote atakaposimama kuuliza nani humu ana kura, mkono wako uwe juu.