Mus'ab Alilala Wapi?

Nakumbuka Ijumaa moja ya baridi na manyunyu mjini Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, nina shahada mkononi na hofu kifuani, nikiwafanyia ukalimani wafanyabiashara wetu kwenye maduka ya viatu ya Zhanxi, karibu na stesheni ya treni. Kila Ijumaa baada ya sala tulikusanyika chumbani kwa Mzee Shaame, Mpemba mnunuzi wa vitambaa. Tulikula wali, kisha mimi nikasomesha darsa. Siku hiyo nilisimulia maisha ya Mus'ab bin Umeir.

Labda unamjua, mwanangu. Kijana wa Makka aliyelelewa kwa nguo nzuri na manukato. Aliposilimu, mama yake alimfungia ndani. Alipokataa kurudi nyuma, akamkana. Mus'ab akatoka na nguo ya viraka, akaenda kuwafundisha watu wa Madina, na katika vita vya Uhud akauawa akiwa ameshika bendera. Sanda yake ilikuwa fupi, ikabidi miguu ifunikwe kwa majani.

Darsa ile niliiandika mara nne, nikiogopa kukosea hata jina la babu yake.

"Ustadh, fupisha, kontena halitusubiri!" mmoja akatania. Watu wakacheka.

Idrisa hakucheka. Huyu alikuwa kijana wa Tanga, aliyekuja kumsaidia ami yake, dalali wa viatu. Wiki ile ami alimtaka aape mbele ya mteja wa Lubumbashi kwamba viatu vya plastiki ni ngozi tupu. Idrisa akakataa. Habari ilizagaa, tukamsifu, kisha kila mtu akarudi kwenye marobota yake. Kwamba ami alikuwa amemtolea begi nje, hilo hakulisema.

"Kaka," aliniuliza, "siku ile mama yake alipomfukuza, Mus'ab alilala wapi?"

"Swali zuri. Nipe wiki moja nitafute vitabuni."

"Haya, kaka. Nitangoja."

Nilitafuta wiki nzima. Nikawaza: ananijaribu? Ameona kwamba sijui? Wengine wamegundua? Niliwaza kila kitu isipokuwa yeye. Mwanangu, sisi watu wa pwani hatusemi "nina njaa" nyumbani kwa mtu. Tunasifu harufu ya mchuzi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi niliyelelewa katika haya hiyo hiyo nililisikia swali lile kama mtihani wa chuo. Hata Jumanne nilipokutana naye Zhanxi, anakohoa, shati limemgandia mgongoni kwa mvua, unajua nilimwambia nini?

"Bado natafuta, Idrisa."

Akatabasamu. "Usijisumbue, kaka."

Ijumaa nilifika na karatasi tatu za maelezo, zote zikisema kwamba hakuna ajuaye. Idrisa hakuja. Mfagizi wa Kichina alikuwa amemkuta asubuhi kwenye ngazi za soko, nyuma ya marobota, alikolala siku zote zile. Tulimkuta hospitali, mapafu yamejaa maji. Alifariki kabla ya Magharibi, bila kufumbua macho.

Tulimwosha mimi na Mzee Shaame.

"Ustadh," mzee akaniuliza huku akimimina maji, "chumbani kwako mko wangapi?"

"Niko peke yangu. Mwenzangu amerudi Dar."

"Na kitanda chake?"

"Kipo."

Akamimina tena, taratibu. "Basi jibu ulikuwa nalo."

Sijasikia karipio kubwa kuliko hilo hadi leo. Watu waliniliwaza kwamba afaye kwa maradhi kama yale hupata daraja ya shahidi. Kwa ajili yake nataka sana kuamini. Mimi liwazo hilo halinipi usingizi. Mus'ab aliuawa na adui zake, na huyu wetu alikufa katikati ya watu waliomsifu. Mara nyingine najiambia, labda alitaka kujua tu habari za Mus'ab. Halafu nalikumbuka lile shati.

Mwanangu, mtu akikuuliza shida za watu wa kale, mtazame yeye kwanza. Mwulize amekula nini, analala wapi, hata akikuona mpekuzi. Aibu ya kuuliza hupita. Usingoje mpaka uwe na hakika: ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe pengine si yako. Usije ukawa mjuzi wa wafu na kipofu wa walio hai, kama nilivyokuwa mimi.

Mungu akupe sikio jepesi na mlango mwepesi. Akujaalie kuwahi, maana kujua peke yake hakukumfaa mtu. Mwombee Idrisa, mwanangu. Ukimaliza, dua ikibaki, niombee na mimi.