Kwaya Iliyosogeza Seva

Mwaka niliomaliza chuo, Arusha ilikuwa imejaa mabango ya vitu vipya: redio za watu binafsi, simu za mkononi, studio za kurekodia. Nilipata kazi ya majaribio kwenye studio moja Sombetini, sebuleni kwa mama mmoja wa Kichaga aliyeacha kuuza vitenge akaingia kwenye nyimbo za kwaya. Nilikuwa fundi wake wa kompyuta, wa kwanza na wa pekee, na kila asubuhi kabla sijapiga hodi nilikuwa nimeshawaza njia kadhaa ambazo ningeweza kuiharibu siku hiyo.

Nyimbo zote za studio zilikaa kwenye seva ya mtumba, kubwa kama friji ndogo, ambayo Mama aliinunua kutoka ofisi iliyokuwa ikifungwa. Kwa kuwa hapakuwa na kitu cha thamani kuizidi humo ndani, aliiweka mahali pa vitu vya thamani: ndani ya kabati la vioo, pembeni ya vikombe vya harusi yake, juu yake kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Seremala alitoboa tundu nyuma ya kabati, la kupitishia nyaya tu. Wateja walipoingia waliiona seva kabla hawajamwona Mama.

Siku hiyo ilikuja kwaya ya usharika mmoja wa huko juu ya Tengeru kuchukua albamu yao ya kwanza. Mwalimu wa kwaya alitakiwa kupanda basi la saa nane mchana kwenda Nairobi, ambako nyimbo zingesafishwa na kutolewa kanda. Akilikosa, nafasi yao ingepewa kwaya nyingine, na sikukuu ya mavuno, ambapo usharika mzima ulishatangaziwa kuwa albamu ingezinduliwa, ingefika bila kanda hata moja. Alileta diski ya nje, mpya kabisa, ameivika soksi ya sufu. Nusu ya kwaya ilikuwa imeteremka naye kumsindikiza.

Nilifungua mlango wa kioo, nikachomeka diski kwenye tundu la mbele la seva, nikaanza kunakili. Kompyuta ikapiga hesabu yake, ikasema itamaliza jioni.

"Jioni ya leo?" mwalimu akauliza.

"Ya leo, mwalimu. Nadhani."

Mwimbaji mmoja wa bezi, mnene, mfugaji, akasogea kwenye kioo. "Msomi, hiyo mashine inakopi au inalima?"

"Faili ni kubwa, kaka."

"Ng'ombe wangu angeshafika Namanga kwa mguu."

Wote wakacheka. Mimi nilitabasamu. Nikawaza: labda ni virusi. Labda diski ya seva inakufa, na nyimbo hizi hazipo popote pengine duniani. Labda diski mpya ni feki. Labda ni kitu nilichofundishwa darasani siku niliyokuwa naumwa. Nikajua pia kwamba nikiendelea kuwaza hivyo, basi litaondoka nikiwa bado nawaza.

Nikaanza kupima kimoja kimoja. Nilisimamisha kunakili, nikachukua wimbo mmoja na kuunakili ndani ya seva yenyewe, kutoka folda moja kwenda nyingine. Ukaenda mara moja. Kumbe diski ya seva ilikuwa nzima. Nikaichomoa ile ya mwalimu na kuipeleka kwenye kompyuta ya Mama ya kuandikia barua, nikaipa faili kubwa kuliko yote yaliyokuwamo. Ikalimeza. Kumbe na hiyo ilikuwa nzima. Kompyuta ile haikuwa na nafasi ya kubeba albamu, la sivyo ningepitia hapo. Nikairudisha kwenye seva, nikasimamisha programu ya kuzuia virusi, kisha nikabadilisha ule mpangilio wa seva unaoilazimisha kuandika kwa tahadhari kwenye diski ya nje. Kasi ikapanda kidogo, ikashuka tena palepale.

Hapo damu ikaanza kunichemka, lakini kwa raha. Diski hii nzima, ile nzima. Ubovu ulikuwa njiani. Ni tundu! Matundu ya mbele ya mashine ile yalikuwa ya zamani, ya mwendo mdogo. Nikakumbuka stika niliyoiona siku ya kwanza, Mama alipokuwa akifuta vumbi kabla seremala hajalifunga kabati: kadi mpya ya matundu ya kasi, iliyoongezwa na wenye ile ofisi. Ilikuwa nyuma, imetazamana na mbao na ukuta.

"Mama, inabidi tuizungukie kwa nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya kabati. Tulivute, tung'oe mbao."

"Mae! Na vikombe vyangu?" Kisha akanitazama vizuri. "Usiizime lakini. Ilipozimwa mara ya mwisho iligoma kuwaka mpaka fundi akaletwa kutoka Moshi."

Hilo nilikuwa nimeshaliwaza, na lilinitisha kuliko yote. Ilibidi kabati lihame seva ikiwa inafanya kazi, na diski iliyo ndani inazunguka. Mshtuko mmoja tu, na albamu imekwisha.

Niliwaeleza. Mwalimu wa kwaya akavua koti, akampa soprano mmoja alishike.

"Bezi, kabatini," alisema. "Tenori, vikombe. Hakuna anayevuta mpaka mkono wangu ushuke."

Tenori wakapitisha vikombe mkono kwa mkono hadi mezani, Mama akivisimamia. Bezi wakainama. Mwalimu akainua mikono kama Jumapili, akapiga pigo la polepole, na kila mkono uliposhuka kabati lilisogea kidogo sana, wote kwa pamoja, bila kelele. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya seva, naisikiliza kwa vidole. Ilinguruma vilevile. Yule mfugaji alianza kuguna kwa sauti yake nene, wenzake wakaipokea bila kuambiwa.

"Msiimbe, mtacheka," mwalimu alinong'ona, naye anakaribia kucheka.

Misumari ya mbao iling'oka kwa kisu cha jikoni. Nilipenyeza mkono kwenye vumbi, nikapapasa, nikachomeka.

Nikaanza upya. Kompyuta ikapiga hesabu yake, ikasema robo saa.

"Soma kwa sauti!" Mama alidai.

"Robo saa!"

Sijawahi kupigiwa vigelegele kwa kusoma maneno mawili. Soprano waliruka, bezi mmoja akaniinua kutoka sakafuni, nami nikapiga kelele aniteremshe kabla sijaigonga seva.

Ilipomaliza, sikuamini. Nilifungua wimbo kutoka kwenye diski ya nje, halafu mwingine, halafu wa mwisho, na kila mmoja wanakwaya waliudaka wakaimba palepale ulipoanzia. Mwalimu alitazama saa, akaanza kutafuta soksi yake. Haikuonekana. Mama akachukua kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya seva, akakikung'uta mlangoni, akaifunga diski humo.

"Kitambaa changu nakitaka," alisema.

"Kitarudi na kanda, mama."

Wakatoka mbio kuelekea barabarani, mwalimu katikati, kifurushi cheupe kifuani, bezi wakimfungulia njia. Mimi nilibaki nimechuchumaa nyuma ya kabati, nikiangalia kama waya wowote umelegea.