Shavu la Attracta

Wakati wa baridi farasi wa kuruka viunzi ambao Fintan Hussey huwafunza kwa niaba ya wenyewe hukimbia kwenye matope, na matope huihurumia miguu. Kiangazi ndicho kibaya. Farasi wakubwa wako malishoni wananenepa tu, na wale wachache wanaopenda ardhi kavu huzungushwa, leo uwanja wa mbio wa Killarney, kesho wa Roscommon, ardhi ngumu kama sakafu. Ndiyo maana kila alfajiri lazima mtu awapapase miguu kutafuta joto. Joto maana yake mshipa wa nyuma ya mguu umeanza kuchanika. Ukimkimbiza hivyo, umemmaliza.

Mtu huyo alikuwa Attracta Moran, tangu usichana wake. "Mikono ya Attracta haidanganyi," walisema pale zizini, naye akavimba kichwa. Kwa nini asivimbe?

Basi mwaka huu vidole vyake vikafa ganzi. Vilianza kuwa vyeupe kwenye baridi ya Februari, na jua lilipokuja havikupona. Akishika kikombe cha chai hajui kama kinaunguza. Hakumwambia mtu. Nani angemweka mpapasaji asiye na vidole? Akabuni lake: alfajiri, kabla wenzake hawajaamka, alipiga magoti kwenye majani makavu, akalaza shavu kwenye mguu wa kila farasi. Declan, mtunza farasi mwenzake, alimfumania siku moja.

"He! Unamwomba Mungu au unamwomba farasi?"

"Namwomba akupige teke wewe!"

Declan akaenda zake akicheka.

Asubuhi ya mbio za Ballinrobe, shavu likamwambia jambo kuhusu Sally Rua, farasi jike mwekundu aliyempenda kuliko wote. Mguu wa kushoto wa mbele, joto dogo. Akajaribu shavu la pili. Joto lipo.

"Bosi, Sally asikimbie leo."

Fintan, keshavaa suti yake ya kwendea mbioni, alichuchumaa akapapasa. "Mbona baridi kabisa? Mwenye farasi kaja na ukoo mzima kutoka Galway, Attracta. Haya, nionyeshe kwa mkono wako. Wapi?"

Attracta akanyoosha mkono, akaurudisha. Angeweza kunyamaza, Sally akimbie, na kazi yake ibaki.

"Vidole vyangu havisikii kitu, bosi. Tangu Februari. Natumia shavu."

"Februari?" Fintan akaiva uso. "Miezi yote hii unanidanganya? Na farasi wangu?"

"Nifukuze, bosi. Lakini Sally asikimbie."

Fintan alimtazama, akamtazama jike. Kisha, na suti yake, akapiga magoti kwenye majani yenye mkojo, akalaza shavu mguuni, akafumba macho. Alikaa hapo kitambo. Alipoinuka akatoa simu.

"Hakimbii leo. Ana joto mguuni." Kelele za mwenye farasi zilisikika mpaka nje ya simu. "Nani kasema? Nimesema mimi. Nimelisikia mwenyewe."

Akakata simu, bado amenuna, majani yamemganda shavuni.

"Kesho alfajiri, kwa shavu," alisema. "Wewe miguu ya kushoto, mimi ya kulia. Na ukinificha jambo tena, Attracta, hapo ndipo nitakufukuza."

Attracta akamkumbatia Sally shingoni, akalia kwa sauti, wala hakujali nani anamwona.