Siku Faradji Alipompiga Bwana Mkubwa

Mtaa wetu wa Waislamu pale Gisenyi una midomo isiyojua kupumzika, na mimi nasema hivyo nikiwa mwenyeji wake. Midomo hiyo ndiyo iliyomponza Faradji. Alikuwa mpiga picha, tukitengana kwa ukuta mmoja tu, yeye na kamera yake ya sanduku, mimi na cherehani zangu. Mwembamba, mbishi, mwenye mzaha hata msibani. Watu walishuka kutoka Bugeshi na viatu vyao mkononi ili awapige picha.

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na nane, jioni moja, moshi wa volkano ya Nyiragongo ulitanda mpaka jua likawa jekundu, la kutazamika. Faradji akalikazia macho akaona doa jeusi ndani yake. Badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, akaenda kulisema mbele ya bucha ya Muhamadi. Muhamadi alikuwa anapasua mbavu za ng'ombe, hakuinua hata kichwa.

"Jua haina doa," alisema. "Doa iko ndani ya macho yako. Macho imeoza."

Waliokuwa wakingoja nyama wakacheka. Haikupita muda neno likafika sokoni, na mpiga picha mwenye macho mabovu ni sawa na kinyozi mwenye mikono inayotetemeka. Wateja wakaanza kumpita mlangoni. Mkewe, Saidati, akaanza kukaanga mandazi ili watoto wasilale njaa. Faradji akaapa kwamba atalipiga picha jua lenyewe, kwa karibu, doa na yote, na picha hiyo ataitundika kwenye ndoano ya nyama ya Muhamadi, watu wote waione.

Ilikuwa vita. Aling'oa bomba la moshi kwenye lori bovu, akalisugua masizi, akafunga mbele yake kioo cha miwani ya marehemu baba yake na nyuma kipande cha darubini iliyovunjika. Mkia wa bomba akauingiza ndani ya kamera. Mimi nikampa miguu ya chuma ya cherehani yangu iliyokufa. Bomba likakaa juu yake, na ukizungusha gurudumu linainuka au kushuka taratibu, kulifuata jua.

Jua halikukubali kuchezewa. Mara ya kwanza liliwasha moto kitambaa cheusi cha kamera. Mara nyingine mwali ulichomoka kwenye kiungo cha bomba ukamchoma shavuni, na nilisikia harufu ya ngozi kutoka upande wangu wa ukuta. Vioo alivyovipaka moshi wa koroboi ili kupunguza makali vilipasuka usoni pake kimoja baada ya kingine. Saidati alimwaga ndoo ya maji juu ya mume, bomba na kanga yake, ambayo sasa ndiyo kitambaa cha kamera na ilikuwa inaungua, akaitupa ndoo.

"Baba Mariamu, hii kitu itakuua, halafu Muhamadi ataleta nyama ya matanga."

Faradji alipaka shavu samli, akaendelea. Tatizo lake kubwa lilikuwa upesi. Mkono wa mtu ni mzito mno kwa jua. Kabla hujafunika, picha nzima imeungua. Basi akachonga kibao chenye ufa mwembamba, akakivuta kwa mpira wa baiskeli. Ukikiachia kinakatiza mbele ya bomba na kulia paa, mlio mkali wa kushtua kuku wa mtaa mzima. Kwa kibao kile alifaulu kupata duara lisiloungua, ila bado dogo, lenye ukungu. Akarefusha bomba. Kisha mawingu yakaja.

Sasa sikilizeni jinsi mzaha unavyoua. Faradji jua aliliita Bwana Mkubwa, kwa sababu, alisema, linawaamsha watu kwenda kazini na hakuna anayethubutu kulitazama usoni. Na kwetu Bwana Mkubwa ni yule Mbelgiji aliyetawala wilaya, ambaye gari lake lilipita kila asubuhi chini ya ukuta wetu. Tulikuwa barazani, Faradji amechoka kungoja, akaniambia kwa sauti yake ile isiyojua kushuka:

"Fundi, mi namuvizia Bwana Mukubwa, yeye anajificha tu. Lakini kesho akitoka, nitamupiga. Katikati kabisa."

Kupiga ni neno lenye watoto wengi: picha hupigwa, ngoma hupigwa, mtu hupigwa, na risasi pia hupigwa. Askari Nsengiyumva alikuwa anapita na mandazi ya Saidati mkononi. Alisimama, akatazama juu ya ukuta, akaona bomba jeusi la chuma juu ya miguu yake ya chuma. Akaondoka bila kumaliza kutafuna.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Jua lilipopanda juu ya vilima Faradji alizungusha gurudumu, akaachia kibao. Paa. Lango likavunjwa papo hapo. Askari walikuwa wamejibanza nje tangu alfajiri. Faradji alikuwa bado ameshika kioo chenye masizi mbele ya jicho la kulia, anahakikisha kwamba wingu halikupita. Nsengiyumva akampiga kwa kitako cha bunduki hapo hapo, juu ya kioo. Kioo kikaingia ndani ya jicho.

Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Walimpiga mateke akiwa chini, damu ikichanganyika na vumbi. Nilipouliza kosa lake wakaniuliza miguu ya bunduki ile ni ya nani. Nikasema ni ya cherehani. Wakanivunja meno mawili kwa kudhani nawatania.

"Nilikuwa napiga jua!" Faradji alisema, na kila aliposema wakamwongeza.

"Wapi mutu anapiga jua?" Nsengiyumva alimwuliza. "Jua inakufa?"

Kituoni, tulikoburutwa sote wawili pamoja na kamera, Nsengiyumva alitaka ushahidi. Saidati akaagizwa alete dawa za kusafishia picha, na Faradji akafungiwa ghalani gizani aitoe picha iliyomo ndani ya kamera. Humo macho hayakuwa na kazi, vidole vyake viliijua njia. Alitoka amekishika kioo cha picha kwa ncha za vidole, uso wote damu, naye anatabasamu. Wallahi, anatabasamu. Duara jeusi, kubwa kama sahani ya kahawa, na ndani yake doa jeupe, maana kwenye kioo cha kamera kilicho cheusi huwa cheupe na kilicho cheupe huwa cheusi. Nililiona kwa macho yangu.

Nsengiyumva naye aliliona.

"Shabaha," alisema. Duara na nukta ya kulengea. Akachukua fimbo.

Bwana Mkubwa alipoingia, Nsengiyumva alikuwa bado anampiga Faradji. Mzungu yule alikichukua kioo, akakiinua dirishani, akakigeuza huku na huku. Kisha akasema maneno mengi ya Kifaransa, na Nsengiyumva, aliyekuwa mkalimani wake pia, akaweka fimbo chini. Akatafsiri.

"Bwana Mukubwa anasema hii ni jua. Anasema... uko na jicho muzuri."

Chuki niliyoihisi saa ile sijaitua hadi leo. Faradji alifuta damu.

"Mwambie anirudishie kioo yangu. Kwa bucha hawajaiona."

Nsengiyumva akatafsiri. Bwana Mkubwa alitikisa kichwa, akakifunga kioo ndani ya leso yake na kukitia mfukoni. Alisema atakipeleka Ulaya, kwa wataalamu. Sisi tukaambiwa tunaweza kwenda.

Tulirudi kwa miguu, Saidati amemshika mkono mumewe. Tundu la jicho alilifunga kwa ncha ya kanga. Barabara inapita mbele ya bucha, hakuna nyingine. Muhamadi alimtazama, akawageukia wateja wake.

"Si nilisema? Macho yake imeoza."

Faradji akajivuta mkononi mwa mkewe, akamrushia ngumi. Lakini mwenye jicho moja, tena mgeni katika umoja huo, hajui kitu kiko mbali kiasi gani. Ngumi ikapita hewani, shibiri nzima kando ya uso wa Muhamadi, naye mwenyewe akaanguka juu ya gogo la nyama. Watu wakacheka tena.

Mimi ninayo macho mawili. Nilimpiga Muhamadi, na sikumkosa.